Mwantumu Wawili na Posa Moja

Nilikuwa uani nachambua mchele niliposikia msikitini wananitangaza nimekufa. Kipaza sauti cha msikiti wetu kina kikohozi, kinakata neno hili na kumeza lile, lakini jina langu kililitoa zima kabisa: Bi Mwantumu ametangulia mbele ya haki. Nikabaki na ungo mapajani. Mtu mzima na akili zangu, nikajishika mkono kwanza nione kama una joto. Sijakaa sawa, simu ikalia, jirani yangu wa nyumba ya pili, sauti ya kilio: "Bi Mwantumu, uko hai?" Nikamwambia, "Nipo, nachambua mchele, una lingine?" Ikaja simu ya pili, ikaja ya tatu, mpaka mwanangu aliyeko Dar es Salaam akapiga huku anahema, keshaambiwa na watu wa mitandao. Wote nikawajibu neno moja: si mimi, si mimi, jamani si mimi. Na kwenye lile la mwisho nikasita, simu sikioni. Neno hilo niliwahi kulisema hivyohivyo, zaidi ya miaka arubaini nyuma, na niliyemwambia ndiye huyo aliyetangazwa. Tangazo liliporudiwa nikasikia na mengine: mjane wa marehemu Idi fundi mashine, wa Mbegani, maziko leo saa kumi. Somo wangu. Nikamwaga ule mchele kwenye ndoo, pumba na vyote, nikaingia ndani kutafuta baibui.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule nilipokuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa foleni za sukari na sabuni, nilipoletwa kutoka Miono kukaa kwa shangazi yangu Bi Kidawa, hapa Bagamoyo. Huko Miono jina la Mwantumu nilikuwa nalo peke yangu. Kina Tatu walikuwapo, kina Pili, kina Mwajuma ukiwaita wanakuja watano, lakini Mwantumu alikuwa mmoja, na mtu akiita jina hilo kutoka mtoni mpaka mashambani aliyetakiwa ni mimi. Sikuwa na kingine cha kujivunia. Uzuri ulikuwa wa kawaida, shule niliishia njiani, ila jina! Basi asubuhi yangu ya kwanza Bagamoyo, bado sijajua choo kiko upande gani, nikamsikia shangazi anaita uani, "Mwantumu!" Nikaitika, "Abee shangazi!" Na chumba kile kile, nyuma ya mgongo wangu, sauti nyingine ikaitika, "Abee mama mdogo!" Nikageuka. Msichana wa umri wangu, mwembamba, kanga kifuani, uzi na sindano mdomoni, ananitazama kama aliyefungua mlango akajikuta nje kasimama yeye mwenyewe. Alikuwa binti wa shemeji yake shangazi, yaani ndugu wa marehemu mumewe, katokea Pangani miezi mitatu kabla yangu. Alitoa sindano mdomoni, akacheka, akasema, "Kumbe ndiye wewe. Karibu, somo."

Siku hizi nawaona watoto wakikutana na mwenye jina lao wanasema tu "ah, tunafanana majina", basi, wanaendelea na simu zao. Sisi usomo ulikuwa na adabu zake. Somo yako humpiti njiani bila kumpa neno. Ukila kitu kitamu unamwekea. Akiolewa, mumewe unamtania kuwa ni mume wako, na yeye anaitika, na hakuna anayekasirika. Siku ileile ya kwanza somo wangu alitoa sandukuni doti mpya ya kanga, kitu kilichokuwa shida kukipata mwaka ule, akaichana katikati, kipande chake na kipande changu. Nami nilikuwa nimekuja na mfuko wa karanga za Miono. Nilimgawia nusu, tukakaa kitandani tunabambua maganda na kusimuliana mpaka shangazi akagonga ukuta.

Lakini Bi Kidawa alikuwa mtu wa kazi, na nyumba yenye Mwantumu wawili ilimchosha mapema. Alikuwa mpishi wa vitumbua kila asubuhi na wa pilau kwenye shughuli za watu, mwanamke mnene, mkali, mwenye kicheko kilichokuwa kinafika barabarani. Akiita mmoja tunakuja wote, akigomba mmoja tunanuna wote. Siku ya nne akatusimamisha uani, mkono mmoja umeshika mwiko. "Nitachanganyikiwa mie. Huyu kafika kwanza, jina analo. Wewe utakuwa Miono." Nikadhani anatania. Wapi! Jioni watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaimba, Miono, Miono, umekuja na jembe lako? Maana watu wa mjini wa wakati ule, ukitoka mahali pasipo bahari, wewe ni wa bara, na wa bara alikuwa hajui kula samaki wala kufunga kanga. Usiku ule nililia kimyakimya nimeuelekea ukuta. Somo wangu alisikia, akaniwekea mkono mgongoni, akasema, "Mimi nitakuita somo. Hilo la Miono waachie wao." Na kweli hakuniita hivyo hata siku moja. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilohilo nikamwonea kijicho. Yeye alikuwa na nafasi ya kunihurumia, jina alikuwa nalo.

Nyumba yenyewe bado naiona kila nikinusa hiliki. Mbele palikuwa na baraza la kukandika kwa chokaa, lililomenyeka kwenye kona kwa makalio ya watu. Ukiingia ni ukumbi mdogo wenye mkeka na viti viwili vya wageni, halafu pazia la maua mekundu, na nyuma ya pazia chumba chetu. Dirisha letu lilitazama barazani, lina nondo za mbao, na chini ya dirisha hilo somo wangu alikuwa anakaa tangu asubuhi mpaka maghribi akishona kofia. Kofia zile za mkono, nyeupe, za tundu ndogondogo unazozungushia uzi moja moja mpaka macho yanatoka machozi. Kofia moja ilimchukua miezi. Mimi kazi yangu ilikuwa nje. Naamka alfajiri, natwanga mchele uliolowekwa, nakuna nazi, shangazi anachanganya na hamira na kunitukana kidogo, na jua likichomoza nimekaa barazani na beseni la vitumbua vya moto, nafukuza nzi na kuuza.

Idi alikuwa anakuja kwa baiskeli. Alikuwa fundi wa mashine za boti kule Mbegani, kijana mrefu, mikono ina weusi wa oili usiotoka hata kwa sabuni, na sabuni yenyewe iko wapi. Ananunua kumi, vya kwake na vya wenzake. "Dada, vya leo vimeumuka?" Kila siku swali hilohilo. Nami kila siku namwongezea kimoja juu. Hakuniambia neno lolote la maana, lakini msichana wa miaka kumi na minane anayeitwa Miono mtaa mzima haombi mengi. Siku moja akaja na ujumbe kuwa mjomba wake anamlipia kofia ya kushonwa, na amesikia humu ndani yuko mshonaji. Somo wangu hakuwa wa kutoka kumpima mwanamume kichwa, kwa hiyo alinipitishia uzi dirishani. Nikampima mimi. Idi aliinama, nikauzungusha uzi kwenye paji la uso wake, nikanusa oili na mafuta ya nazi, nikakunja uzi pale ulipokutana na kuurudisha ndani. Mkono wa somo ukaupokea kwenye nondo. Nikamsikia Idi anauliza, sauti ameishusha, "Huyo mshonaji anaitwa nani?" Nikasema, "Mwantumu." Akasema, "Jina zuri." Na mimi, pumbavu mkubwa, maneno yale nikayaweka moyoni kama yangu. Si ni jina langu? Kwani niliambiwa na nani nisilichukue? Miezi yote ya kofia ile ikishonwa niliishi kwa maneno mawili yaliyosemwa kwa mtu mwingine.

Kofia ilipokwisha, akaivaa palepale barazani, akaenda zake bila kuuliza kama vitumbua vimeumuka. Baada ya wiki mbili wakaja wazee wawili baada ya sala ya alasiri, kanzu zimepigwa pasi, na barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe. Kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamume, shangazi alimwita Mwalimu Shomari, jirani yetu mfundisha chuo cha Kurani, aipokee. Sisi tuko nyuma ya pazia, pumzi tumezibana. Wazee walikula halua na kunywa kahawa, wakasifu kahawa, wakaulizana habari za ndugu mpaka nikataka kupiga kelele, ndipo wakaondoka. Mwalimu akaifungua barua, akaisoma kwa sauti ya kusomea hotuba: kijana wetu Idi anamwomba binti yenu Mwantumu. Akaigeuza barua nyuma na mbele. Kisha akauliza, "Mwantumu yupi?"

"Shii!" alisema shangazi. "Mwalimu, punguza sauti."

"Si tuwaulize? Hata sasa hawajafika kona."

"Nikawaulize nini? Nikawakimbilie njiani niseme nina wawili, mnamtaka yupi? Nionekane napima samaki? Na huyo watakayesema siye, kesho mji mzima utasema Mwantumu kakataliwa. Na nani atakayejua ni Mwantumu gani? Wote wawili wataoza humu ndani."

Mwalimu Shomari alikohoa, akasema kuwa kwa kweli hilo hakuliwaza. Watu wa leo wataona ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa: kuuliza kungemvunjia heshima mmoja wetu, na kwa jina letu lile aibu ya mmoja ilikuwa ya wote. Basi shangazi akafanya alilojua. Akaingia chumbani, akatukalisha kitandani bega kwa bega, akatuuliza kama walivyokuwa wanaulizwa wasichana. "Kuna kijana anaitwa Idi, fundi wa Mbegani. Ameleta neno. Mnasemaje?" Sasa, mwari akiulizwa habari ya mume hajibu. Asiyetaka analia, au anainuka anakwenda zake. Anayetaka anainamisha kichwa na kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Niliinamisha kichwa. Nikanyamaza. Nikasubiri kumsikia somo wangu analia au anainuka, na sikusikia kitu. Nikaibia jicho: naye kainamisha kichwa, macho kwenye mkeka. Shangazi alitutazama, akatutazama tena, akajishika kiuno. "Toba! Nimeuliza nipate jibu, nimepata wake wawili kwa mume mmoja. Nifanyeje mie, jamani?" Akaanza kucheka yeye mwenyewe, lakini sisi hatukucheka, naye akaacha.

Usiku aliwaza, asubuhi akawa na hesabu yake. Huyu wa ndani Idi hajamwona hata uso, atamjulia wapi? Wa barazani ndiye anayeonana naye kila siku. Kwa hiyo posa ni ya huyu wa barazani. Ilikuwa hesabu nzuri na sikuiongezea wala kuipunguzia kitu. Akapeleka jibu la kukubali kwa Mwalimu Shomari, kisha akaita kutoka jikoni, "Mwantumu, njoo!" Somo wangu akainua kichwa, akaweka sindano chini, akataka kuinuka. "Si wewe," shangazi akasema, "huyu." Nikaona anavyokaa tena chini, taratibu, anairudia sindano. Siku ile aliitwa Pangani kwa mara ya kwanza, akaitika.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Mama yake Idi alikuja kujuana na shangazi, ameandamana na dada yake mtu mzima. Somo alikuwa ametumwa dukani kupanga foleni ya sabuni. Mimi, mchumba mwenyewe, nilijificha nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, siruhusiwi kuonekana na mkwe. Shangazi akatoka uani kuchukua tangawizi, na wale wawili wakabaki peke yao ukumbini, wananong'ona. Dada mtu akauliza, "Basi kamwona wapi huyu mtoto, nawe wasema hatoki?" Mama yake Idi akacheka kidogo. "Hajamwona. Kofia ndiyo imemwoza. Haivui hata kulala. Aniambia, mama, mtu aliyekaa na tundu zote hizi asikosee hata moja, huyo nikae naye. Namwuliza, akiwa na makengeza je? Aniambia nitamtazama upande." Wakacheka wote wawili. Shangazi akarudi na sinia, mazungumzo yakageuka kuwa bei ya mchele. Nami nyuma ya pazia nikakaa chini juu ya mkeka wa somo wangu, katikati ya mabaki ya nyuzi.

Nilijua. Nataka niliseme hili wazi, maana nimejitetea miaka mingi sana moyoni na sasa sina wa kumdanganya. Mpaka Alhamisi ile ningeweza kuapa kuwa sikujua. Baada ya hapo nilijua, na nikanyamaza siku tisa. Kila asubuhi nilijiambia nitasema, nikiitwa "Mwantumu" naahirisha. Hamjui utamu wa kuitwa jina lako baada ya mwaka mzima wa kuitwa jina la kijiji! Watoto wa mtaa waliacha nyimbo zao. Shangazi aliniwekea kichwa cha samaki, hakunitukana kwenye mchele. Somo wangu akaniachia upande wa dirishani wa kitanda, eti mchumba anahitaji upepo. Na hakuninunia. Angeninunia ningepata nafuu. Alikuwa ananitania kama somo anavyotakiwa kutania: "Usijivune, mume wa somo ni mume wangu pia. Siku zake zigawe vizuri." Anasema hivyo huku anatabasamu, na anageuka upesi kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Siku ya tisa tangu Alhamisi ile, Jumamosi, tulikuwa uani wawili, mimi juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye ameanza kitambaa kipya cheupe. Nikamwuliza kofia ya nani. Akasema, "Ya bwana harusi. Ya kwanza ilikuwa ya kununuliwa, hii zawadi yangu kwako." Nikamwambia hujampima. Akasema, "Kipimo ninacho." Akafungua pindo la kanga yake, ile nusu ya doti yetu, fundo dogo gumu alilolikaza kwa meno, na ndani mlikuwa na ule uzi. Uzi niliomzungushia Idi kichwani. Kofia ya kwanza ilikwisha wiki nyingi nyuma, kipimo hakikuwa na kazi tena, na alikuwa bado anatembea nao, anafua kanga na kuufunga upya. Aliunyoosha kwenye goti lake kwa kidole kimoja, polepole, hakunitazama. Roho ilinipasuka. Nikaacha nazi.

"Somo, si mimi."

"Si wewe nini?"

"Posa. Si mimi, ni wewe. Nimemsikia mama yake kwa masikio yangu, ni kwa ajili ya kofia. Hajawahi hata kuniuliza jina langu."

Hakushtuka wala hakufurahi. Alibaki ameushika ule uzi. Kuku mmoja alikuja akadonoa machicha, hakuna aliyemfukuza. Mwishowe akauliza, "Umesikia lini?" Nikasema Alhamisi. "Juzi hii?" Nikasema hapana, Alhamisi ile nyingine, siku ya foleni ya sabuni. Akahesabu kwa vidole, siku moja moja, midomo inacheza. "Tisa," akasema. Akaufunga uzi kwenye pindo, akainuka, akasema, "Haya," akaenda kutia udhu. Ndiyo yote. Sikupigwa wala sikutukanwa. Nilikaa pale juu ya mbuzi mpaka shangazi akaja kuuliza kama nazi inakuna yenyewe, nikamwambia yote nikilia makamasi. Kwanza akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, halafu akanipiga kofi la bega na kunibusu palepale alipopiga. "Mtaniua," akasema. "Haya, nje hawajui kitu na hawatajua." Na kweli hawakujua. Barua ilimtaja Mwantumu, jibu lilimtaja Mwantumu, na Mwantumu akaolewa. Harusi yote nilikuwa jikoni, nimejifunga kanga yangu kiunoni, nachoma vitumbua mamia kwa mamia, macho mekundu, watu wanadhani ni moshi.

Wakati wa kutolewa bibi harusi, bwana harusi alimsubiri nje, nyumba imejaa vigelegele, mimi nimebanana mlangoni na sinia. Somo wangu alipita, amefunikwa, anakwenda kwa hatua ndogo, akasimama mbele yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, Mwantumu. Jina nimekuachia." Akapita. Nilibaki na lile neno mkononi. Maana tangu siku ile ya karanga na kanga alikuwa hajaniita Mwantumu. Aliniita somo. Na hakuniita somo tena. Tumekutana kwenye maulidi, kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye maziko ya shangazi tuliosha vyombo pamoja mpaka magharibi. "Hujambo, Mwantumu?" "Sijambo, Mwantumu. Watoto?" "Wazima." Adabu kamili, sura njema, na mlango umefungwa. Nami niliolewa nikapata wangu, namshukuru Mungu, mume wangu alikuwa mtu mwema na alikuwa ananiita kwa jina langu. Lakini kila akiniita, kuna sehemu ndogo ilikuwa inasikia: jina nimekuachia. Mara ngapi nimepanga kwenda Mbegani kumwuliza, mwenzangu, umenisamehe au bado? Ni mwendo mfupi kuliko kwenda kununua kitenge Dar es Salaam. Nikawa nangoja siku nzuri. Idi akafa, nikaenda, hapakuwa pahali pake. Halafu ndiyo hivi, kipaza sauti kikanitangaza.

Nilifika Mbegani kabla ya adhuhuri. Walikuwa wamekwisha kumwosha. Nilimwona uso tu, mdogo, umetulia. Nikakaa ukumbini kwenye mikeka na wanawake wengine, mgongo ukutani, tasbihi mkononi, na maneno yangu yote niliyoyachelewesha hayana pa kwenda. Wachache waliniuliza jina, nikasema Mwantumu, wakanipa pole, "Lo, somo wake!" Nikainamia tasbihi. Maana ukisema ndiyo, mimi ni somo wake, na mwenyewe alikuwa hakuiti hivyo, si umejitwalia kingine kisicho chako?

Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka chumbani, "Miono! Leta maji huku!"

"Abee!" nikaitika.

Na nyuma yangu sauti nyingine, changa, "Abee mama!"

Nikageuka. Binti mwembamba wa miaka kumi na tisa, ishirini, ndoo mkononi, ananitazama. Nami namtazama. Wanawake ukumbini wanashangaa bibi mzima ameitikia nini. Mwanamke aliyeita akatoka chumbani, Saumu, binti mkubwa wa marehemu, macho yamevimba. Nikamwuliza, sauti yangu yenyewe siijui, "Huyu mtoto jina lake nani?"

"Mwantumu," Saumu akasema. "Nilimpa jina la mama. Lakini mtu atamgombezaje mtoto kwa jina la mama yake? Nikamwuliza mama, tumwiteje humu ndani? Akasema, mwiteni Miono. Mpaka leo hatujui kaitoa wapi. Hatuna hata ndugu wa huko."

"Hamkumwuliza?"

"Tulimwuliza. Akasema ni jina la somo wake. Kasema, mkimwita huyu mmoja, mimi naita wawili." Akajifuta macho, akanitazama vizuri zaidi. "Kwani wewe, bibi, umetokea wapi?"

Kwa miaka ishirini, kila asubuhi, katika nyumba niliyoogopa kuibishia hodi, nilikuwa naitwa. Naitwa nilete maji, naitwa nije nile, nagombezwa, nabembelezwa, kwa jina nililolililia ukutani, ambalo yeye peke yake hakuwahi kuniita. Na mimi niko huko Bagamoyo, umbali wa baiskeli, nangoja siku nzuri.

Chumbani wakaita tena, sauti ya mwingine, ina haraka: "Miono, maji jamani!" Yule binti akataka kwenda. Nikamshika mkono, nikaichukua ile ndoo.

"Abee," nikasema. "Nakuja."